Maji yalitangulia na punda: siku nne kutoka Empakaai hadi Ziwa Natron

Mwaka 2024 Siku ya Nyerere iliangukia Jumatatu. Nilipoiona kwenye kalenda ya ofisi ya walimu, mwezi wa saba, nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu: siku nne kamili. Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Arusha. Kwa miaka mingi nimewachorea wanafunzi Bonde la Ufa ubaoni na kuwaeleza kwamba Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kabonatiti, yaani yenye madini ya magadi, ambayo hutoka nyeusi kama oili chafu, kisha ikapoa na kugeuka nyeupe. Mlima wenyewe nilikuwa sijawahi kuukaribia. Nilikuwa nikiisimulia nchi yangu kwa maneno ya kitabuni, na jambo hilo lilikuwa limeanza kuniuma.

Njia niliyoichagua inajulikana sana na waongoza watalii wa Arusha. Unaanzia ukingoni mwa kreta ya Empakaai, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, unashuka hadi kijiji cha Naiyobi, unapita ubavuni mwa Lengai na kumalizia Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ukingo wa Empakaai, sehemu yake ya juu kabisa, unapita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Natron iko kwenye mita 600 hivi. Nilipoona namba hizo niliwaambia wenzangu, "Tunashuka tu jamani, hakuna kupanda." Tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kiume, shemeji yangu na walimu wenzangu wawili. Mume wangu alibaki na watoto. Hilo neno "tunashuka tu" ndilo lililotuponza.

Nianze na fedha, maana kila ninayemsimulia huuliza hilo kwanza. Safari hii haiishii ilipoanzia. Gari linawashusha Empakaai, halafu dereva anarudi Karatu, anateremka Mto wa Mbu, anapita Engaruka na kwenda kuwasubiri Ngare Sero. Kwa hiyo mnalipia gari siku zote nne, hata zile ambazo hamlipandi. Gari, dizeli na dereva vilikula shilingi 1,200,000. Ada za hifadhi, kambi na askari wa kutusindikiza, maana kutembea kwa miguu kule bila askari mwenye silaha hairuhusiwi, kama 400,000. Punda na mwongozaji 500,000. Chakula na gesi 220,000, na kambi ya Ngare Sero 80,000. Jumla 2,400,000, yaani 480,000 kwa kichwa. Kwa mshahara wa mwalimu hizo si hela za kuchezea. Tulichanga 160,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Tungekuwa saba, gari lilelile lingetutosha na kila mmoja angepumua kidogo.

Kwenye hizo 500,000 za punda ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilizikabidhi kwa dalali mmoja wa mjini aliyenihakikishia punda wanne, mwenye punda na mwongozaji. Tulipofika Empakaai tulikuta punda wawili. Nilipomuuliza mwenye punda, mzee mpole wa Naiyobi, alisema yeye aliambiwa wawili, na ameahidiwa 120,000. Simu ya dalali haikupokelewa siku ile wala siku zilizofuata. Kama unapanga safari hii, tafuta namba ya mwenye punda mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi, ongea naye kwa sauti yako, kubalianeni idadi ya punda na uzito wa mizigo, na mpe malipo yake mkononi mwake. Ukimkosa, uliza walimu au wauguzi wanaofanya kazi vijiji vile. Wanamjua kila mtu. Mimi ni mwalimu na sikuwaza hilo.

Ijumaa yenyewe ilianza vibaya. Tulilala Karatu ili tuwahi lango la Loduare mapema, lakini mwenzetu mmoja alisahau kitambulisho cha taifa cha NIDA nyumbani, na bila kitambulisho huwezi kutozwa ada ya raia. Tukasubiri mkewe apekue makabati na kutuma picha. Kisha ikaja zamu ya malipo. Pale hupokewi fedha taslimu. Unapewa kumbukumbu namba na kulipa kwa simu au benki, nasi fedha zetu zilikuwa zimetawanyika kwenye simu tano. Kuzikusanya sehemu moja kulituchukua muda mwingine. Tuliondoka langoni karibu saa tano, tukamchukua askari makao makuu, tukakamata njia ya vumbi ya Nainokanoka na Bulati. Tulifika ukingoni mwa Empakaai saa kumi jioni, wakati mpango ulikuwa kwamba saa hizo tuwe tumeshashuka kwenye kreta na kurudi. Mkichelewa asubuhi ya siku ya kwanza, hamtaufidia muda huo popote. Mtaubeba hadi siku ya mwisho.

Baridi ya Empakaai sikuitarajia, na hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nafundisha kila mwaka kwamba hewa hupoa kadiri unavyopanda. Ukungu ulipanda kutoka kwenye kreta saa kumi na mbili jioni na kuingia katikati ya mahema kama mtu anayejua njia. Begi langu la kulalia lilikuwa jepesi, la kununua mtumbani. Nililala na soksi mbili, sweta, koti na shuka nililoazimwa na mwongozaji, na bado nilihesabu saa.

Na maharage. Tulibeba kilo tatu za maharage makavu, tukiwaza kwamba ni chakula cha kushiba na hakiharibiki. Kwenye mwinuko wa mita 3,000 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 90 tu, si 100. Yanatokota, yanafoka, mvuke unatoka, ila hayaivishi kama nyumbani. Tulichemsha saa tatu, tukamaliza karibu nusu ya mtungi mdogo wa gesi, na maharage yakabaki magumu kama kokoto. Usiku ule tulikula ugali na karanga. Chemsheni maharage nyumbani, yakaangeni hadi yakauke, yafungeni. Au bebeni dagaa waliokaangwa, tambi, mayai ya kuchemsha na unga wa uji. Tena msitegemee kununua mboga njiani: kilimo hakiruhusiwi ndani ya Ngorongoro, kwa hiyo hata wenyeji huleta unga na mboga kutoka nje.

Jumamosi alfajiri tulishuka kwenye kreta, na hapo nasimama kidogo, kwa sababu hii ndiyo asubuhi iliyonifanya nisijutie chochote kati ya nitakayoyaeleza. Njia inapita msituni, chini ya miti mikubwa yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Kulikuwa na kinyesi cha nyati kilichokuwa bado kinatoa mvuke, na askari alitembea mbele yetu bila kusema neno, mkono mmoja umeinuliwa. Baada ya kama saa moja miti iliachia ghafla, na ziwa likawa pale, bluu iliyokolea, limejaza karibu nusu ya sakafu ya kreta. Pembeni yake ulikuwa mstari wa waridi. Nilidhani ni udongo. Kisha mstari ukasogea: walikuwa heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, wanatembea kwa pamoja kichwa chini. Hakukuwa na mtu mwingine. Sauti yao ilifanana na minong'ono ya darasa kabla mwalimu hajaingia.

Mdogo wangu alichota maji kwa kiganja akayasugua. "Dada, yanateleza kama sabuni," akasema. Ni maji ya magadi, hayanyweki. Nilimweleza pale pale, kwa furaha ya mwalimu, kwamba maziwa mengi ya upande huu hayana mto wa kutokea. Maji huingia na chumvi zake, jua hunyonya maji, chumvi zinabaki. Nilieleza vizuri kabisa. Ila sikuchukua hatua moja zaidi ya kujiuliza: basi maji ya kunywa yako wapi, na nani ameyabeba?

Kupanda kurudi ukingoni kulituchukua muda mrefu kuliko kushuka, na tulianza safari ya Naiyobi saa saba mchana. Kwa kuwa punda walikuwa wawili badala ya wanne, walibeba mahema, vyombo na madumu mawili ya maji ya lita 20. Vilivyobaki tulivibeba mgongoni wenyewe. Njiani Lengai ilijitokeza mbele yetu, imechongoka, ya kijivu, juu ina weupe unaofanana na theluji kumbe ni lava iliyokauka. Tulifika Naiyobi giza limeingia, na kila mtu alikuwa na lake. Mimi nilikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili, kwa sababu buti zangu nilikuwa nimezivaa mara mbili tu kabla ya safari, tena kwenye lami. Shemeji aliacha kucha za miguu zikiwa ndefu. Ukishuka, vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua. Usiku ule kucha zake mbili zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Kata kucha siku tatu kabla, na viatu vyako vivae mwezi mzima, kwenye vilima, ukiwa na mzigo.

Mama mmoja wa boma tulipopiga kambi alikuja kutusalimu. Aliangalia sufuria letu la maharage, tuliyokuwa tunayachemsha kwa siku ya pili, akaondoka kimya. Alirudi na kipande cha magadi cha ukubwa wa kidole gumba na kukidondosha ndani. Maharage yaliiva kabla hatujalala. Hakutaka malipo. Mwongozaji, kijana wa hapo hapo, aliketi nasi akatusimulia jamaa zake waliohama Ngorongoro kwenda Msomera kule Handeni, na namna boma lilivyokuwa kubwa alipokuwa mdogo. Nilisikiliza nikiwa nimeweka miguu kwenye beseni, na nikaona aibu kwamba nimefundisha Ngorongoro miaka yote hiyo kama vile haina watu.

Sasa Jumapili.

Tulijaza madumu yote mawili Naiyobi. Lita 40 kwa watu wanane, lita tano kila mmoja: hesabu ilikuwa sahihi. Mzee wa punda alisema ataondoka saa kumi na moja alfajiri ili wanyama wasikutane na jua la bondeni, na akatuuliza kama tutaongozana. Nilimwambia atangulie, sisi tutamfuata. Tulikuwa na malengelenge ya kufunga, chai ya kunywa, mabegi ya kupanga. Tuliondoka karibu saa mbili, kila mmoja na chupa yake ya lita moja na nusu. Maji yote mengine yalikuwa mbele, mgongoni mwa punda, na punda hasubiri.

Mapema palikuwa pazuri, upepo bado wa juu. Kufikia saa nne tulikuwa tumeingia kwenye makorongo ya majivu ya volkano. Udongo wake ni laini kama unga, unazama hadi kifundoni, na vumbi linakaa kooni. Kila tuliposhuka, joto liliongezeka; ni kama kuingia kwenye chumba baada ya chumba, kila kimoja kina moto zaidi. Magoti yalianza kutetemeka. Tulikuwa tumebeba fimbo mbili tu kwa watu watano, tukawa tunapokezana. Saa sita na nusu chupa yangu iliisha. Saa saba hakuna aliyekuwa na maji kati yetu watano.

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kulegea. Kwanza alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Kisha nikaona uso wake umekauka, hakuna jasho, wakati sisi wengine tumelowa. Nikamuuliza tuko siku gani. Aliniangalia muda mrefu akanyoosha kidole chini bondeni, ambako Natron ilikuwa inang'aa nyeupe kwa upana wote wa macho yetu. "Dada, si ziwa hilo pale? Twende tukanywe." Alisema kwa upole, kama mtoto. Mimi ndiye niliyemnyonyesha kwa chupa mama alipoumwa. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Tulimlaza chini ya mgunga, kivuli chenyewe cha kuhesabu matundu. Tulimvua buti na kumfungua shati. Mwongozaji hakusubiri kuagizwa. Aliweka chini kila alichobeba isipokuwa fimbo yake, akaondoka mbio kuwafuata punda. Ndipo askari akatoa begini mwake chupa ya lita moja ambayo hakuwa ameigusa tangu asubuhi. Akaniambia, "Mwalimu, usimpe yote. Kizibo kwa kizibo." Nilikuwa na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, nikamwaga nusu ya pakiti ndani, nikaanza kumnywesha. Kizibo kimoja, nahesabu hadi thelathini, kizibo kingine. Shemeji alimkingia jua kwa kanga yangu, amesimama, mikono juu, karibu saa nzima. Hakuna aliyeomba hata tone la ile chupa.

Mwongozaji alirudi karibu saa tisa na dumu moja begani. Lilikuwa limebaki chini ya nusu. Kizibo chake kilikuwa kinavuja tangu Empakaai. Tulikiona, tukakifunga kwa nailoni ya mkate, tukasahau. Maji yalikuwa yametiririka ubavuni mwa punda kilomita zote zile. Yaliyobaki yalitosha. Mdogo wangu alianza kutoka jasho, kisha akakojoa, na niwaambie wazi kwamba nilifurahi kusikia hivyo kuliko matokeo yoyote ya mtihani. Tuliingia Ngare Sero saa moja usiku, tukitembea taratibu kwa mwanga wa mwezi.

Kwa hiyo, anayetaka kuipita njia hii asikie: ondokeni pamoja na punda, hata kama hamjanywa chai. Kila mtu abebe mwilini mwake lita nne kwa siku ile ya kushuka bondeni, na asikubali kuambiwa kwamba maji yako mbele. Madumu yajaribiwe nyumbani. ORS ni bei ya soda, bebeni nyingi. Kama mnao watoto au wazazi, ishieni Empakaai na mrudi kwa gari. Ile kreta peke yake inatosha.

Nilikuwa pia nimepanga, na hili linaonyesha jinsi nilivyopanga nikiwa mezani, kwamba usiku huohuo tuupande Lengai. Watu huanza kama saa sita usiku ili wafike juu, mita 2,962, kabla jua halijatoka. Ni saa tano au sita za kupanda majivu yanayoteleza, na kushuka kwake ni kubaya zaidi. Shemeji, pamoja na kucha zake nyeusi, alitaka kwenda. "Shem, tumeshafika hapa, siku nyingine ni lini?" Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusubiri mlima ule muda mrefu kuliko yeye. Mwongozaji hakubishana naye. Alimwomba achuchumae, kisha asimame bila kushika kitu. Shemeji alichuchumaa. Hakuweza kuinuka, tulimwinua wawili. Akacheka kidogo, akaenda kulala.

Usingizi ulinipata kwa shida. Saa nane usiku nilitoka nje ya hema nikaona taa za tochi za wapandaji wengine ubavuni mwa mlima, sita au saba, zinapanda polepole sana. Niliziangalia hadi shingo ikauma.

Jumatatu tuliamkia mtoni Ngare Sero, maji baridi yanayotoka kwenye kuta za bonde, na mdogo wangu alikaa ndani yake na nguo zake zote. Kisha dereva akatupeleka kando ya Natron. Unatembea juu ya ukoko mweupe unaovunjika chini ya kiatu, harufu ya magadi inakupanda puani, na mbali kule heroe wengi kiasi kwamba waridi yao inaonekana hewani kabla hujawaona wenyewe. Hapo wapishi wa kundi moja la wageni walituuliza sisi ni wa kampuni gani. Tukawaambia ni walimu, tumekuja kutembea. Mmoja wao alitushika mikono, mmoja mmoja, akasema Watanzania wanaofika kwa kujilipia anawaona kwa nadra sana. Akatupa chapati nane za njiani.

Kucha za shemeji zilidondoka mwezi wa kumi na mbili. Tumeshaanza kuchanga tena, safari hii kwa ajili ya Lengai peke yake, siku tatu, bila kitu kingine. Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani na madumu manne mapya. Aliyajaza bombani, akakaza vizibo, akayalaza kichwa chini kwenye sakafu ya jikoni na kutukataza kuyagusa. Asubuhi aliwahi kuamka kabla yangu. Nilimkuta amepiga magoti, anapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu chini ya matatu. La nne aliliweka nje mlangoni, alirudishe dukani.